Mbwa Mwitu Akirudi, Nani Anahama? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu habari za kuwarudisha simba, duma na mbwa mwitu katika hifadhi walikotoweka. Barua zilizofuata zimekuwa ndefu kuliko aya yenyewe. Tumechagua saba na kuzifupisha. Wataalamu wetu wa wanyamapori na mifugo wanajibu.

Nimeona video inayosema mbwa mwitu waliporudishwa hifadhi ya Yellowstone, Marekani, mito ilibadilisha mkondo. Mwalimu wetu anaamini, mimi nina mashaka. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

Tuanze na jina, maana Kiswahili kimewaweka wanyama wawili kwenye kapu moja. Mbwa mwitu wa Yellowstone ni yule wa kijivu anayetajwa kwenye Biblia akinyemelea kondoo. Wa kwetu, mwenye madoa na masikio ya duara kama vijiko, ni mnyama mwingine kabisa, na hawawezi kuzaliana. Lolote linalosemwa juu ya mmoja lisihamishiwe kwa mwingine bila kuhojiwa.

Sasa Yellowstone. Mbwa mwitu wa kijivu waliangamizwa huko kufikia mwaka 1926. Mwaka 1995 wakaletwa 14 kutoka Kanada, na 1996 wengine 17. Wakati huo kundi la kaskazini la elki, ambao ni paa wakubwa wa kule, lilikaribia 20,000. Miaka 20 baadaye lilikuwa chini ya 5,000. Mbwa mwitu walichangia, ila hawakuwa peke yao: dubu na puma, paka mkubwa wa kule, nao waliongezeka, wawindaji wenye leseni waliwaua elki wengi nje ya mipaka, na ukame ukapita hapo hapo. Koyote, wanaolingana na bweha wetu, walipungua karibu nusu kwenye bonde la Lamar, ndani ya hifadhi hiyo. Hata mizoga ilibadilisha ratiba. Zamani elki walikufa kwa wingi mwisho wa majira ya baridi, chakula kikafurika wiki chache kisha kikakatika. Sasa mizoga inapatikana baridi nzima, na kunguru, tai na dubu wanafaidi.

Kwenye mito ndipo video inapoongeza chumvi. Elki walipokuwa wengi bila mwindaji, waliila mierebi ya kandokando ya vijito mpaka ikabaki visiki. Biva, yule mnyama anayekata miti na kujenga mabwawa, akakosa chakula na vifaa vya ujenzi, akaondoka. Mabwawa yakabomoka, vijito vikachimba chini, na maji ya ardhini yakashuka mbali na mizizi. Ukimleta mbwa mwitu hapo, anapunguza midomo inayokula mierebi, lakini hapandishi maji. Watafiti walilipima hilo kwa miaka 20 kuanzia 2001: sehemu nyingine walijenga vibwawa vya kuigiza kazi ya biva, nyingine wakazungushia uzio, nyingine wakafanya yote mawili, na nyingine wakaziacha kama zilivyo. Palipokuwa na maji na uzio, mierebi ilivuka mita 2, urefu unaohitajika ili vichipukizi visifikiwe na elki kirahisi. Palipoachiwa mbwa mwitu pekee, mingi ilibaki mifupi. Tena, biva wanaoonekana leo si wote waliokuja wenyewe, kwani 129 waliachiwa kwenye misitu ya kaskazini mwa hifadhi kati ya 1986 na 1999.

Kwa hiyo mwalimu wako ana nusu. Mwambie nusu ya pili ni maji.

Hapa Laikipia mbwa mwitu walirudi wenyewe, hakuna aliyewaleta kwa lori. Je, kuna tofauti yoyote kwenye miti na malisho? – Nanyuki, Kenya

Umeuliza mahali palipochunguzwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Mbwa mwitu walitoweka Laikipia kwa miongo kadhaa kisha wakarudi. Watafiti walikuwa wamewahesabu digidigi kabla, wakawahesabu tena baadaye, na nyakati zote mbili kulikuwa na sehemu zilizozungushiwa uzio wa kuzuia walao majani, ili kulinganisha miti. Digidigi walipungua kwa asilimia 33, na maelezo yanayokubalika ni kwamba waliliwa na mbwa mwitu. Ungetegemea miti iongezeke, kwa sababu digidigi ndiye anayekata miche. Haikuongezeka. Digidigi waliobaki pamoja na wanyama wengine wala majani walitosha kuendelea kuibana, mvua nayo hubadilika mwaka hadi mwaka, na miti ina mwendo wake wa pole. Ndiyo maana tunawasihi waandishi wa miradi wasiahidi msitu kwa sababu tu ya kuachia mbwa mwitu.

Lakini kuna jambo jingine hapo hapo kwenu lililo tamu zaidi, na halihusu idadi bali hofu. Angalia maboma ya zamani yaliyohamwa. Samadi ya miaka mingi imeacha uwanja wa nyasi fupi, laini, usio na kichaka. Swala pala wanajazana pale kwa sababu wanaona mbali. Wakiingia kwenye vichaka vizito, chui au mbwa mwitu anaweza kuwa hatua kumi na wasimwone. Matokeo yake yako kwenye miti. Kandokando ya viwanja hivyo mgunga unaotawala ni ule wenye miiba mirefu, kwa sababu swala wameutafuna na kuumaliza ule wenye miiba midogo. Ndani ya vichaka, wanakoogopa kuingia, wenye miiba midogo unastawi. Ukitembea kutoka uwanjani kuelekea kichakani, mita chache tu, utaona miiba ikibadilika. Mnyama mwindaji anaotesha miti bila kujua, na mfugaji aliyehama zamani amemsaidia.

Sisi wa Serengeti tunaambiwa tuchanje mbwa wetu kwa ajili ya mbwa mwitu. Wanyama hao ni wa hifadhi, mbwa ni wetu. Uhusiano uko wapi? – Mugumu, Tanzania

Uhusiano uko kwenye mate. Mbwa mwitu walitoweka kwenye nyanda za Serengeti mwaka 1991, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika makundi yao muda mfupi kabla ya hapo. Mwaka 1994 distempa ya mbwa, ugonjwa mwingine wa virusi, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi. Virusi hivi hudumu pale penye mbwa wengi wa kufugwa, kisha huvuka kupitia fisi na bweha wanaozunguka majalala na mizoga pembezoni mwa vijiji. Mbwa mwitu ana hatari ya ziada: kundi zima hulala pamoja, hulambana na hutapikiana chakula. Akiugua mmoja, hesabu imekwisha kwa wote.

Kuanzia 2012 makundi yaliyokamatwa Loliondo, ambako yalikuwa kwenye migogoro na wafugaji, yalihamishiwa magharibi mwa hifadhi na kuwekwa kwenye boma kabla ya kuachiwa. Kazi hiyo yote inaweza kufutwa na mbwa mmoja wa kijijini asiyechanjwa.

Lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, kila mwaka. Wengi huuliza kwa nini kila mwaka wakati chanjo nyingine hudumu zaidi. Mbwa wa kijijini hufa mapema na kuzaa sana. Ukichanja asilimia 70 leo, baada ya miezi 12 wengi wa hao wamekufa na wapya wamezaliwa, na kinga ya kijiji imeshuka ingawa hakuna chanjo iliyoisha nguvu. Kampeni nyingi zinaharibika kwa makosa matatu:

Kwanza, watoto wa mbwa huachwa nyumbani kwa kuambiwa hawajafikisha miezi mitatu. Walete. Shirika la Afya Duniani linataka nao wachanjwe kwenye kampeni, kwa kuwa ndio wengi na ndio watoto wa binadamu huchezea. Pili, kituo kinawekwa mbali. Mbwa wa mchungaji hatembezwi kilomita saba kwa kamba. Kituo kiwe kisimani au mnadani, siku ya mnada. Tatu ni ubaridi: chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8 kwenye kibaridi chenye barafu, isiguse barafu moja kwa moja wala kuachwa kwenye dashibodi ya gari. Ya distempa ndiyo inayoharibika haraka zaidi kwa joto.

Na muelewe kwamba kichaa cha mbwa kikiingia kijijini, anayekufa kwanza si mbwa mwitu. Mara nyingi ni mtoto aliyeumwa akachelewa kufikishwa kwenye chanjo.

Hifadhi ya Akagera walileta simba 7, sasa naambiwa wamepita 50. Hawatamaliza swala na pundamilia? – Kayonza, Rwanda

Swali la mhasibu, tulijibu kihasibu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 simba wa Akagera walimalizwa kwa sumu na wafugaji waliorudi na ng'ombe wao, na mwaka 1997 hifadhi ikapunguzwa hadi kilomita za mraba 1,122. Uzio wa umeme wa kilomita karibu 120 ulikamilika 2013. Mwaka 2015 wakaletwa majike 5 na madume 2 kutoka KwaZulu-Natal, na madume mengine mawili yakaongezwa 2017 ili kupunguza kuzaana ndugu kwa ndugu.

Chukua simba 10. Mmoja kwa wastani hula kilo 6 za nyama kwa siku: kilo 60 kwa siku, kilo 21,900 kwa mwaka. Theluthi moja ya mnyama ni mifupa, tumbo na kile fisi na tumbusi wanachochukua, kwa hiyo wanahitaji kuangusha kama tani 33 za wanyama hai. Kwa pundamilia wa kilo 230, hao ni kama 140 kwa mwaka. Kwa swala pala wa kilo 50, ni 660. Ukikisia kundi la pundamilia linaongezeka asilimia 12 kwa mwaka, unahitaji pundamilia kama 1,200 ili 140 waliwe bila idadi kushuka. Kwa simba 50, zidisha kwa tano. Hii ni hesabu ya kwenye karatasi, maana simba hali aina moja: nyati, ngiri na kuro wote wamo. Lakini inaonyesha kwa nini hifadhi yenye uzio haiwezi kuhesabu simba peke yao.

Palipo wazi, dume wa miaka miwili au mitatu hufukuzwa na baba zake, akaenda mbali, na wengi hufa huko. Madume wapya wakiteka kundi huua watoto wadogo. Ndani ya uzio haya hupungua: kuna madume wachache wa kupokonyana, watoto wanapona, na namba inapanda haraka. Dalili za kuangalia kabla ya maafa ni hizi. Madume vijana wanaanza kutembea kandokando ya uzio usiku baada ya usiku. Aina moja ya mawindo, mara nyingi ngiri, inakosa watoto wa mwaka. Majike wanazaa kabla ya miaka minne na watoto wote wanakua. Zana zilizopo ni kuhamisha vijana kabla hawajajifunza kutoroka, kubadilishana madume na hifadhi nyingine, na kuwapandikizia majike kidonge cha uzazi wa mpango chini ya ngozi. Kidonge hicho kinafanya kazi, ila ukikitumia kwa majike wote kwa pamoja unaishia na kundi la wazee watupu.

Upande wa faida, mzoga ni mali. Hifadhi ya Liwonde, Malawi, duma waliporudishwa 2017, aina nne za tumbusi walioadimika walianza kuonekana tena baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Hawakuletwa na mtu. Walifuata mabaki.

Nyie mnasifia tu. Mbuzi wangu 11 waliuawa mchana, na nina boma zuri la miiba. Nifanyeje? – Mfugaji, Loliondo

Pole sana, mzee wetu. Neno lako "mchana" ndilo jibu. Boma ni dawa ya simba na fisi, wanaokuja usiku. Mbwa mwitu huwinda kukiwa na mwanga, hasa asubuhi na jioni, mifugo ikiwa malishoni, na boma hata liwe la chuma halimhusu. Kinga yake ni mtu mzima pamoja na mbuzi. Mtoto wa miaka tisa mwenye fimbo hamtoshi. Mbwa mwitu humkwepa mtu mzima anayepiga kelele na kutembea kumwelekea. Usichunge kandokando ya kichaka kizito saa 12 asubuhi, subiri jua lipande. Wahesabu mbuzi kabla ya kurudi, kwa kuwa wengi huliwa ni wale waliobaki nyuma. Na ukigundua pango wanakozalia, hamisha malisho kwa miezi mitatu hivi. Watoto wakishaweza kutembea, kundi lote litaondoka, maana eneo lao ni kilomita za mraba mamia.

Kwa boma la usiku, kosa kubwa ni mlango. Ukuta wa miiba unene mita moja, mlango tawi moja la kuburuta. Jambo la pili ni kwamba simba mara nyingi haingii. Anapita upande wa upepo, ng'ombe wanamnusa, wanachanganyikiwa na kuvunja boma wenyewe. Kwa hiyo ukuta usionyeshe nje, na ndani pawe na kizuizi cha pili kwa ndama. Wenzenu wa Simanjiro hutumia matawi ya miti ya komifora yanayochipua: yanachomekwa mwanzo wa mvua, yanafungwa wavu wa waya wa mita mbili, na baada ya msimu nguzo zinakuwa miti hai. Nguzo kavu huliwa na mchwa, hizi mchwa hawaziwezi. Taa za kumetameta husaidia pia, lakini simba huzizoea zisipobadilishwa mahali.

Sumu, tunakuomba, usiguse. Dawa ya wadudu ikipakwa kwenye mzoga haichagui. Tumbusi ndio hufika kwanza, makumi kwa mzoga mmoja, kisha bweha, fisi, mbwa wako, na mwisho mtu aliyeokota nyama. Ukikuta mzoga wenye ndege waliokufa pembeni yake, usiushike kwa mikono mitupu. Walinde watoto na mbwa, na uwaite askari wa wanyamapori wauchome.

Tunasumbuliwa na nyani mashambani. Je, tukipiga sauti ya chui kwenye spika watakimbia? – Morogoro

Siku za kwanza, ndiyo. Kwenye hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliua zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa, wakiwemo wala nyama. Pongo, mnyama wa kujificha vichakani, akaanza kula kwenye uwanda wazi wa mafuriko kama ng'ombe wa shule. Watafiti walipopiga sauti za chui na kuweka harufu za wala nyama, pongo walirudi kwenye vificho ndani ya siku chache. Mwaka 2018 wakaletwa mbwa mwitu 14 wa kweli, na pongo wakawa miongoni mwa mawindo yao ya mwanzo.

Nyani ana akili kuliko pongo. Sauti isiyofuatwa na meno anaijua ndani ya wiki moja au mbili. Itumie siku zile mahindi yanakomaa tu, badilisha mahali kila siku, na uichanganye na mlinzi halisi. Shida yenyewe ina asili yake: kwenye hifadhi za Ghana walikotoweka simba na chui, nyani waliongezeka na kusambaa, wakala mayai, watoto wa swala na mazao ya vijiji jirani. Mwindaji mkubwa wa nyani ni chui, na chui hupotea kwa mitego ya waya kabla mtu hajagundua.

Nimeona kundi la mbwa mwitu, mmoja ana kola shingoni. Niripoti wapi, na nini? – Karatu

Ripoti kwenye ofisi ya hifadhi au ya wanyamapori iliyo karibu. Usitangaze mahali kwenye mitandao, maana wenye waya nao wanasoma. Andika saa, idadi ya wakubwa na watoto, na mwelekeo walioshika. Angalia kola kwa makini: mkanda mnene ni wa utafiti, lakini waya mwembamba uliozama kwenye ngozi ni mtego, na hapo daktari wa wanyama anahitajika siku hiyo hiyo. Madoa ya kila mbwa mwitu ni ya peke yake, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, kwa hiyo piga picha pande zote mbili.

Wakiwa wamelala kivulini, zima injini ukae ndani ya gari. Wakilaliana hutaweza kuwahesabu. Subiri jioni: wataamka, watanusana na kurukiana kwa vilio vyembamba kama vya ndege, kisha watatoka mmoja mmoja kwa mchakamchaka.